Chakula kilivyoingia katika muziki, kuanzia opera za Rossini hadi kumbi za Kariakoo

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KATIKA mitaa ya Mchikichini na Kariakoo jijini Dar es Salaam, muziki na chakula ni majirani wa siku nyingi. Anayepita jioni kutoka Soko la Karume kuelekea Mtaa wa Msimbazi hukuta spika imewekwa karibu na jiko la mkaa, mishikaki inageuzwa huku wimbo wa zamani ukipigwa, na mteja mwenyewe hana hakika kama kilichomvuta ni harufu ama ni sauti. Hata jina la Mchikichini ni la mti wa chakula, mchikichi, ule unaotupatia mawese.

Kwa mtu wa mitaa hii, basi, habari za Gioachino Rossini si ngeni kama zinavyoweza kudhaniwa. Mtunzi huyo wa opera kutoka Italia alifariki dunia mwaka 1868, lakini jina lake linatajwa hadi leo katika sehemu mbili: katika majumba ya opera na katika orodha za vyakula vya hoteli kubwa. Wapo wanaomjua kwa nyama ya ng'ombe inayoitwa kwa jina lake bila kuwahi kusikia hata noti moja ya muziki wake.

Swali ambalo limewashughulisha waandishi wa maisha yake ni je, mapenzi yake kwa chakula yaligusa muziki wake, au yalibaki mezani tu? Jibu ni kwamba yaligusa, lakini si kwa njia inayosimuliwa katika vichekesho. Njia yenyewe inatuhusu hata sisi tuliokulia pembeni mwa kumbi za dansi.

Rossini alizaliwa tarehe 29 Februari, 1792, katika mji wa Pesaro, pwani ya mashariki ya Italia. Baba yake, Giuseppe, alipuliza tarumbeta na pembe ya shaba, na wakati huohuo alikuwa mkaguzi wa machinjio. Mama yake, Anna Guidarini, alikuwa binti wa mwoka mikate, na baadaye alipanda jukwaani kuimba. Nyama ilitoka kwa baba, mkate ukatoka kwa mama, na muziki ukatoka kwa wote wawili.

Kwa msomaji asiyeifahamu, opera ni mchezo wa kuigiza unaochezwa jukwaani, ila wahusika huimba badala ya kuzungumza, huku kundi kubwa la wapiga vyombo likiwasindikiza. Kati ya mwaka 1810 na 1829 Rossini alitunga opera 39. Iliyopendwa kuliko zote ni "Kinyozi wa Seville", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Roma mwezi Februari 1816. Ya mwisho ilikuwa "Guillaume Tell", mjini Paris, mwaka 1829. Baada ya hapo, akiwa na umri wa miaka 37 na akiwa mtunzi maarufu kuliko wote barani Ulaya, aliacha kutunga opera. Aliishi miaka mingine 39 bila kuandika hata moja.

Ni katika miaka hiyo ya ukimya ndipo sifa yake ya mezani ilipokua. Watu walipoona mtunzi hatungi, wakaanza kusimulia anavyokula.

Hadithi ni nyingi, na nyingine zinafaa kupokewa kwa tahadhari. Inasimuliwa kwamba alilia mara tatu tu maishani mwake, na moja ya mara hizo ni pale bata mzinga aliyejazwa uyoga wa thamani alipotumbukia majini wakati wa matembezi ya mashua. Hadithi kama hii hubandikwa kwa mtu yeyote mnene mwenye jina kubwa. Nyingine inahusu wimbo mmoja wa opera yake "Tancredi" ya mwaka 1813, wimbo ambao Waitalia waliuita "aria ya wali". Aria ni wimbo wa mwimbaji mmoja ndani ya opera. Mwandishi Mfaransa Stendhal, aliyechapisha kitabu juu ya Rossini mwaka 1824, anasema kijana huyo alirudi nyumbani akiwa na njaa, mpishi akamuuliza kama atie wali jikoni, na kabla wali haujapakuliwa wimbo ukawa umekwisha kuandikwa. Stendhal anaongeza kwamba watu wa huko walipenda wali usioiva sana, wa dakika nne tu. Wali wa namna hiyo ungerudishwa jikoni katika hoteli yoyote ya Kariakoo, na huenda wimbo nao ungepata muda wa kurekebishwa.

Yapo, hata hivyo, mambo yenye ushahidi. Rossini alikuwa rafiki wa Antonin Carême, mpishi aliyesifika kuliko wote Ufaransa wakati huo, ambaye aliwahi kulipikia jiko la tajiri wa benki James de Rothschild mjini Paris. Aliagiza vyakula kutoka miji mbalimbali ya Italia kwa barua zilizoandikwa kwa umakini wa mtu anayeagiza vyombo vya muziki. Alipenda makaroni yaliyojazwa kwa bomba la sindano, ndani yake maini laini ya bata bukini. Nyama iliyopewa jina lake, "tournedos Rossini", ni kipande cha sarara kilichokaangwa kwa siagi, kikawekwa juu ya mkate uliokaushwa, kikafunikwa kwa maini ya bata bukini na vipande vya uyoga ule wa thamani, kisha kikamwagiwa mchuzi wa mvinyo wa Madeira. Ni chakula kizito, na bei yake ni nzito vilevile.

Wanaotafuta athari ya haya yote katika muziki huanza na maneno ya opera zenyewe, na kwa juu juu wanapata wanachokitaka. Katika "Mwanamke wa Kiitalia mjini Algiers" ya mwaka 1813, mtawala Mustafa anadanganywa kwamba ameteuliwa kuingia katika chama cha heshima kiitwacho Pappataci, jina linalotokana na maneno ya Kitaliano yenye maana ya kula na kunyamaza. Sharti la chama ni kula, kunywa, kulala na kutoona kitu. Mustafa anaketi kula kwa utii, na wakati huohuo mwanamke aliyemtamani anapanda merini na mpenzi wake na kutoweka. Ni kichekesho cha Wazungu juu ya mtawala Mwislamu, na leo kinachekwa kwa uangalifu zaidi kuliko zamani. Katika "Cenerentola" ya mwaka 1817, baba wa kambo aitwaye Don Magnifico anakabidhiwa ghala la mvinyo la mwana wa mfalme baada ya kuonja mapipa 30 bila kuyumba. Anapokabidhiwa, amri yake ya kwanza ni kupiga marufuku kuchanganya mvinyo na maji kwa muda wa miaka 15.

Tatizo la ushahidi huu ni kwamba maneno hayakuwa ya Rossini. Mashairi ya opera yaliandikwa na washairi walioajiriwa na majumba ya maonyesho. Maneno ya Mustafa na chama chake yaliandikwa na Angelo Anelli, na yalikwisha kutumiwa na mtunzi mwingine, Luigi Mosca, mwaka 1808, miaka mitano kabla ya Rossini kuyagusa. Don Magnifico ni kazi ya mshairi Jacopo Ferretti. Kumhukumu Rossini kwa chakula kilichomo katika opera zake ni sawa na kumsifu mpiga gitaa kwa mashairi ya mwimbaji.

Huku pwani kwetu hali ni tofauti, kwa kuwa katika taarabu neno la chakula linabeba mzigo wa wimbo mzima. Mfano unaojulikana na wengi ni "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo unaohusishwa na Siti binti Saad na uliokuja kupewa uhai mpya na hayati Bi Kidude. Jang'ombe ni mtaa wa mjini Unguja, na muhogo ni muhogo, lakini hakuna msikilizaji mzima anayeusikia wimbo ule akadhani anapewa bei ya sokoni. Chakula katika taarabu ni pazia. Nyuma yake kuna mapenzi, wivu, kejeli au onyo, na mwenye kuambiwa anajijua mwenyewe.

Siti mwenyewe alianzia karibu na jiko kuliko Rossini. Alizaliwa Fumba, kusini mwa kisiwa cha Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia ya wakulima na wafinyanzi iliyokuwa na asili ya utumwa. Kazi yake ya ujanani ilikuwa kubeba vyungu vya kupikia na kuvitembeza mjini, akivinadi kwa sauti. Sauti ile ya kunadi vyungu ndiyo iliyowavuta watu. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa na mmoja wa wanachama wa klabu ya Ikhwani Safaa, na mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Hivyo, kabla hajawa mwimbaji wa kwanza wa kike wa Afrika Mashariki kurekodiwa, Siti alikuwa mwanamke anayeuza vyombo vya jikoni kwa wimbo. Mfano huu una uzito kuliko hadithi ya bata mzinga, maana hapa chakula hakikuwa anasa ya msanii. Kilikuwa riziki, na riziki ndiyo iliyomfundisha kuipaza sauti ifike ng'ambo ya barabara.

Kwa kuifuata riziki hiyo hiyo tunarudi kwa Rossini kwa mlango mwingine, tukiacha kile alichokula yeye na kutazama kile walichokula waliokuja kumsikiliza.

Jumba la opera la Italia ya wakati wake halikuwa mahali pa kukaa kimya gizani. Familia zenye uwezo zilikodi vyumba vidogo vilivyozunguka ukumbi kwa msimu mzima, na humo zilipokea wageni, zilikula chakula cha usiku, zilicheza karata na kusengenya. Taa hazikuzimwa. Wimbo maarufu ulipofika watu waligeuka kusikiliza, ulipokwisha wakarudi kwenye sahani zao. Mtunzi alitunga akijua wazi kwamba anashindana na kijiko.

Desturi hiyo ilizaa aina nzima ya wimbo. Iliitwa "aria del sorbetto", yaani aria ya sharubati, na hapa hatuhitaji mkalimani, kwa kuwa "sorbetto" ya Waitalia na sharubati yetu zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Ilikuwa ni wimbo aliopewa mwimbaji mdogo katika sehemu ya pili ya mchezo, wakati wachuuzi wakipita na sharubati ya barafu na watu wakinunua. Hakuna aliyetarajiwa kuusikiliza kwa makini. Waimbaji wakubwa walipata nafasi ya kupumzisha koo, mwenye ukumbi akauza. Katika "Kinyozi wa Seville" wimbo huo ni wa Berta, mtumishi wa nyumba, ambaye anabaki peke yake jukwaani akilalamika juu ya wazee wanaotaka kuoa na vijana wanaotaka kuolewa. Ni wimbo mzuri kuliko ulivyostahili kuwa, na leo watu huusikiliza bila sharubati.

Upo mfano wa kuchekesha zaidi. Katika opera yake "Ciro in Babilonia" ya mwaka 1812, Rossini alipewa mwimbaji wa kike ambaye, kwa masimulizi yake mwenyewe uzeeni, alikuwa na noti moja tu nzuri katika sauti yake yote. Akamtungia aria ya sharubati ambamo mwimbaji anarudia noti hiyo hiyo moja, huku vyombo nyuma yake vikifanya kazi yote ya kubadilisha muziki. Hapa ndipo chakula kinapoonekana kuathiri muziki kwa hakika. Kama pasingekuwapo muda wa kula katikati ya mchezo, wimbo ule wa noti moja usingekuwapo.

Na aliyekuwa akiuza ni nani? Mjini Naples, ambako Rossini alifanya kazi kuanzia mwaka 1815, mwenye jumba alikuwa Domenico Barbaja. Barbaja hakuanza maisha kama mtu wa muziki. Alikuwa mhudumu wa mkahawa mjini Milan, na anatajwa kuwa mwanzilishi wa kinywaji cha kahawa, chokoleti na maziwa kilichopewa jina la barbajada. Utajiri wake mkubwa ulitokana na meza za kamari zilizowekwa ndani ya jumba la opera. Mkataba wa Rossini ulimtaka atoe opera mbili kwa mwaka, na sehemu ya malipo yake ilitoka kwenye meza hizo. Kwa maneno mengine, mtunzi mkuu wa Italia aliishi kwa mapato ya baa.

Nje ya Naples malipo yalikuwa ya mkupuo na hayakuwa makubwa. Kwa "Kinyozi wa Seville" Rossini aliahidiwa skudi 400. Manuel García, aliyeimba sehemu ya kijana mpenzi, alipata 1,200, na Luigi Zamboni, aliyeigiza kinyozi, alipata 700. Aliyetunga kila noti alipata theluthi moja ya fedha za mwimbaji mmoja. Baada ya hapo opera ilipochezwa miji mingine, hakupata kitu, kwa sababu Italia ya wakati huo haikuwa na utaratibu wa kumlipa mtunzi kila kazi yake inapotumika.

Matokeo yake yanasikika. Mtu anayelipwa mara moja lazima atunge haraka, na anayetunga haraka hutumia kiporo. Muziki wa kufungulia pazia wa "Kinyozi wa Seville", unaojulikana sasa dunia nzima kama muziki wa kichekesho, haukuandikwa kwa ajili ya kichekesho hicho. Ulikwisha kutumika mwaka 1813 katika "Aureliano in Palmira", opera ya vita, na tena mwaka 1815 katika "Elisabetta", opera ya malkia wa Uingereza. Rossini aliupasha moto akaupakua upya, na walaji wakasema ndicho chakula kitamu kuliko vyote. Anayejua kiporo cha wali wa nazi cha asubuhi hatashangaa.

Jambo la pili linalosikika ni kile Waitalia walichokiita kreshendo, yaani muziki unaoanza kwa sauti ya chini, kifungu kifupi kikirudiwa tena na tena huku vyombo vikiongezeka kimoja kimoja, hadi ukumbi mzima unatetemeka. Watunzi wengine walikuwa nayo, lakini Rossini aliifanya kuwa alama yake, kiasi cha kutaniwa kwa jina la Bwana Kreshendo. Wataalamu wana maelezo mengi. Mwandishi huyu anaona moja ni rahisi: ukumbi uliojaa watu wanaokula na kuzungumza hauamshwi kwa kupigiwa kelele ghafla. Unachochewa polepole kama chungu, mpaka mwenye kijiko anakiweka chini bila kujijua.

Wapenzi wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam wana neno lao kwa jambo linalofanana na hilo, nalo limetoka moja kwa moja jikoni. Ni chemko. Nyimbo za bendi zetu za zamani hujengwa kwa sehemu mbili. Kwanza ni sehemu ya taratibu ambamo kisa kinasimuliwa beti kwa beti, kisha gitaa linabadilika, ngoma zinakaza, tarumbeta zinajibizana, na hapo ndipo wimbo unapochemka na watu wanainuka kwenye viti. Hilo ndilo chemko.

Ukitazama mahali nyimbo hizo zilikozaliwa, mgawanyo huo unaeleweka. NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz na hatimaye Msondo Ngoma, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park Orchestra iliundwa mwaka 1978 na ikachukua jina la baa iliyokuwa ikipigia. Mwaka 1983 ilihamia mikononi mwa Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, lililokuwa na kumbi zake, ukiwamo wa Kariakoo na ule wa Magomeni Kondoa. Mtindo wa bendi hiyo, Sikinde, ulibeba jina la ngoma ya Wazaramo. Katika kumbi hizo mteja aliketi mezani na kinywaji chake na nyama yake ya kuchoma. Beti za mwanzo zilimkuta akila, na hivyo ziliweza kuwa ndefu, zenye kisa cha ndoa, deni au mjomba aliyedhulumu. Chemko lilikuja baadaye, kumwondoa mezani.

Mpango wa fedha nao ulifanana na wa Barbaja. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa bendi kutegemea kiingilio cha mlangoni, na mwenye ukumbi kuchukua mauzo ya vinywaji na chakula. Kurekodi kulifanyika zaidi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zilisikika nchi nzima, lakini bendi ziliishi kwa dansi la usiku, si kwa redio. Ndiyo maana bendi nyingi zilihitaji shirika la umma nyuma yake: Urafiki Jazz ilikuwa na kiwanda cha nguo, Bima Lee ilikuwa na Shirika la Bima, Vijana Jazz ilikuwa na umoja wa vijana wa chama. Mashirika hayo yalipoishiwa nguvu miaka ya 1980 na 1990, na wenye baa walipogundua kwamba mashine ya muziki inauza bia bila kudai mshahara, meza ya mwanamuziki ilipungua sahani moja moja.

Rossini alinusurika na hatari hiyo kwa ujanja na bahati. Kabla ya "Guillaume Tell" aliisainisha serikali ya mfalme wa Ufaransa mkataba wa kumlipa fedha kila mwaka maisha yake yote. Mapinduzi ya Julai 1830 yalipomwondoa mfalme huyo, serikali mpya haikutaka kulipa. Mtunzi alikaa Paris miaka kadhaa akidai haki yake, na akaipata. Marafiki zake wa benki walimsaidia kuziwekeza fedha zake vizuri.

Hata hivyo, picha ya mzee mnene anayecheka mezani haikuwa picha yote. Kwa miaka mingi aliandamwa na ugonjwa wa njia ya mkojo na huzuni nzito, akihamahama Bologna na Florence huku madaktari wakimjaribia dawa. Afya yake ilipata nafuu baada ya kurudi Paris mwaka 1855 na mke wake wa pili, Olympe Pélissier, aliyemuuguza kwa muda mrefu. Kuanzia Desemba 1858 nyumba yao ilifunguliwa kila Jumamosi usiku kwa chakula na muziki, na wageni kama Franz Liszt walipita hapo.

Kwa ajili ya Jumamosi hizo alianza tena kutunga, vipande vifupi zaidi ya 150 alivyoviita "Madhambi ya Uzeeni". Hapo ndipo chakula kinapotajwa na Rossini mwenyewe. Vinne ni vya piano na vina majina ya vyakula vya kufungulia meza: figili, samaki wadogo wa chumvi, matango madogo ya siki, na siagi. Vingine vinne ni vya matunda makavu ya kumalizia: tini, lozi, zabibu na kokwa. Usitegemee kusikia figili ikitafunwa. Muziki wenyewe ni wa mtu anayejua sana piano na anayecheka kimoyomoyo, na majina ni mzaha wa mwenyeji kwa wageni wake. Kipande kimoja, cha kucheza kwa mtindo wa waltz, kinaitwa "Mafuta ya nyonyo", dawa ya kuharisha ambayo mgonjwa wa siku nyingi kama yeye aliifahamu vyema. Katika orodha nzima hicho ndicho cha kweli kuliko vyote.

Paris aliyozeekea Rossini ilikuwa imekwisha kutatua, kwa njia ya ajabu, suala la nani ale kutokana na muziki, na suluhisho hilo lilianzia mezani. Mwaka 1847 mtunzi wa maneno ya nyimbo, Ernest Bourget, aliketi na wenzake Paul Henrion na Victor Parizot katika mkahawa wa Les Ambassadeurs. Bendi ya mkahawa ilikuwa ikipiga nyimbo zao. Bourget aliagiza glasi ya maji ya sukari, akanywa, na alipoletewa hesabu akakataa kulipa. Hoja yake ilikuwa fupi: ninyi mnatumia nyimbo zetu bila kulipa, nasi tunakunywa bila kulipa. Kesi ilifika mahakamani, na mahakama ikampa Bourget ushindi. Mwaka 1851 ikaundwa jumuiya ya watunzi, SACEM, ya kukusanya malipo kila wimbo unapopigwa hadharani, na ipo hadi leo.

Tanzania ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 1999, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7, iliyozaa COSOTA. Kwa mujibu wa sheria, baa, hoteli au ukumbi unaopiga nyimbo kwa wateja unatakiwa kuwa na leseni na kulipia. Muuza mishikaki mwenye spika na mwenye hoteli ya ghorofa kumi wote wanauza kwa msaada wa sauti ya mtu mwingine, ingawa ni dhahiri hawawezi kutozwa sawa, na hapo ndipo ugumu wa utekelezaji ulipo. Nyimbo zinazopigwa sana mitaani ni za watu ambao wengi wao walirekodi miaka mingi kabla sheria hiyo haijaandikwa.

Mmoja wao ni hayati Muhidin Maalim Gurumo. Alikuwa NUTA Jazz ilipoanza, alikuwa Mlimani Park ilipoanza, na alimalizia Msondo Ngoma. Alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba, alisema hadharani kwamba muziki haukuwa umempatia hata gari la kutembelea. Mwezi Agosti mwaka huo mwanamuziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, alimkabidhi gari kama zawadi. Gurumo alifariki dunia Aprili 2014, na sauti yake bado inasikika jioni katika majiko ya Msimbazi, mishikaki ikigeuzwa.